Ganzi ya nyonga: ngoja sindano izame mara mbili

Karibuni tena, ndugu zangu wa chumba cha usingizi. Leo ni ganzi ya fashia iliaka, yaani utando unaofunika msuli na neva mbele ya nyonga. Naipenda kuliko zote, maana aliyevunjika nyonga anageuzwa ubavu bila kupiga kelele. Bibi yetu ameridhia tumrekodi. Shikamoo bibi, tunaanza.

Dripu ipo, mashine ya mapigo imefungwa, ngozi imesafishwa. Hayo mnayajua.

Dawa sasa. Bibi ana kilo 50. Bupivakeini, dawa yetu ya ganzi, nampa isiyozidi miligramu 2 kwa kilo, yaani mwisho 100. Nachukua mililita 15 za asilimia 0.5, naongeza 15 za maji ya chumvi: mililita 30, miligramu 75. Ganzi hii inataka wingi kuliko ukali, dawa isambae chini ya utando hadi kwenye neva za paja.

Gusa ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, kisha kinundu cha kinena. Chora mstari, ugawe mara tatu. Theluthi ya nje inapokutana na ya kati, shuka sentimita 1. Papasa mshipa wa damu: mpigo uwe upande wa kinena, mbali na alama. Ukiusikia penye alama, pima upya.

Hapa taratibu. Sindano iwe butu. Yenye makali inapita bila kukwambia kitu. Ngozi itaigomea, itoboe kwanza kwa sindano ya kawaida. Sukuma... inakwama... imezama. Huo ni utando wa kwanza. Usimimine! Mimi niliwahi kumimina hapo hapo. Tulipomgeuza mzee wa watu tumchome ganzi ya mgongoni, alilia, na kilio kile sijakisahau.

Samahani, mkono umeziba kamera. Sogea kushoto... hapo. Inakwama tena... imezama. Mara mbili, jamani. Mara mbili!

Vuta nyuma, hakuna damu, sukuma mililita 5, vuta tena. Ikisukumika kwa shida, acha, rudisha ncha kidogo. Bibi, masikio hayavumi? Ulimi haujafa ganzi? Vizuri, dawa haijaingia kwenye damu. Ikiingia, dawa ya kumwokoa ni Intralipidi ya asilimia 20, mafuta ya kupitisha kwenye mshipa: iwe humu chumbani, isiwe imefungiwa stoo. Mwenye ultrasaundi aitumie, aione dawa inavyotanda.

Dakika 30 zimepita. Napitisha pamba ya spiriti: mbele ya paja hasikii baridi, kwa ndani anasikia. Neva ya obturata, ya upande wa ndani wa paja, mara nyingi haifikiwi, kwa hiyo usimwahidi kwamba maumivu yatakwisha yote. Na asisimame, paja halina nguvu.

Haya bibi, tunakugeuza. Polepole... Mmemsikia? Anauliza tunaanza saa ngapi, na ameshalala ubavu.