Mtoro Ni Nani?

Ndugu madaktari, ndugu wauguzi, na ninyi wa dirisha la mapokezi ambao kwa kawaida hamwalikwi kwenye mihadhara kama hii, asanteni kwa kuja.

Nianze na neno tunaloliandika kwenye mafaili: mtoro. Mgonjwa alipangiwa kliniki, siku ikafika, hakuonekana. Tunaandika "mtoro", faili linarudi kabatini. Neno hilo limeshatoa hukumu kabla mshtakiwa hajasikilizwa. Hebu siku moja chukueni mafaili ya watoro muwatafute wenyewe. Mtamkuta kiziwi aliyekaa kwenye benchi tangu asubuhi, jina lake likaitwa kwa sauti mara tatu, akarukwa. Huyo alitorokea wapi? Mtamkuta asiyejua kusoma, mfukoni ana kadi yenye tarehe. Mtamkuta kibarua ambaye siku asiyofanya kazi halipwi, nasi tumempangia miadi mitatu, siku tatu mbalimbali, kwa vipimo ambavyo vingeweza kufanyika siku moja.

Mwaka 1971, daktari wa kijiji cha wachimba makaa huko Wales, Julian Tudor Hart, aliandika kwamba huduma nzuri huelekea kuwapungukia wale wanaoihitaji zaidi. Akaongeza kuwa hali huwa mbaya zaidi pale tiba inapoachiwa soko. Nusu karne imepita, na bado tunajibu: "Lakini sisi tunawahudumia wote sawasawa." Ndivyo, na hapo ndipo penye tatizo. Ngazi nayo huwahudumia wote sawasawa, hata anayekuja kwa kiti cha magurudumu.

Hata vifaa vyetu vina upendeleo. Kile kipimo cha oksijeni tunachobana kidoleni hufanya kazi kwa mwanga unaopenya kwenye ngozi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 uliangalia wagonjwa ambao kifaa hicho kiliwasoma asilimia 92 hadi 96, yaani hawana shida. Damu ya mshipani ilipopimwa, karibu 12 kati ya kila 100 wa wagonjwa weusi walikuwa chini ya asilimia 88. Kwa weupe, walikuwa karibu 4. Kifaa ni kilekile, na muuguzi wala hana ubaya na mtu. Lakini mgonjwa anayehema kwa shida anaambiwa namba yake ni nzuri, arudi akapumzike. Kwa hiyo namba ikisema hivi na mgonjwa akasema vile, msikilizeni mgonjwa, kisha pimeni damu.

Lugha nayo. Tumezoea kumwita mtoto wa mgonjwa atafsiri. Mtoto wa miaka kumi anamfasiria mama yake habari za kutokwa damu ukeni! Mama ataficha, mtoto atapunguza makali, na daktari ataandika alichobakiziwa. Mkalimani ana gharama, najua, lakini upasuaji ambao mgonjwa hakuelewa alichokitilia saini una gharama pia.

Na mwenye ulemavu wa akili anapojipigapiga kichwa, husemwa "ndivyo alivyo". Nani amemfungua kinywa akaangalia jino?

Mtaniuliza tuanzie wapi. Wastani wa hospitali hautawaambia kitu, kwa sababu mgonjwa aliyeona daktari upesi humfunika aliyeshinda njaa benchini. Tenganisheni hesabu: nani alisubiri muda gani, nani alipewa dawa ya maumivu na nani aliambiwa avumilie, nani aliondoka kabla ya kuonwa. Bila hivyo mtakuwa mnabishana kwa hisia.

Halafu nirudi dirishani. Ninyi ndio mnaomwona mgonjwa kabla yetu. Mnajua nani aliinamia fomu muda mrefu bila kuandika, nani aliuliza bei kisha akageuka. Ulizeni mambo manne: anatumia lugha gani, anasikia, anasoma, siku gani anaweza kuja. Jibu liandikwe juu ya jalada kwa kalamu nene, na sisi madaktari tulisome kabla ya kuita jina.