Bata bukini wa mapambo: unyoya kwanza, rangi baadaye

ZAITUNI: Karibuni sana, mlio Kampala, Jinja, Arua na kokote mnakotusikiliza. Leo tunazungumzia bata bukini wa mapambo na namna ya kuchagua mbegu. Kaka Opio, wafugaji wengi huanza na rangi, na wewe unawakataza.

OPIO: Nawakataza kabisa, dada. Rangi ikipotea unairudisha kwa kizazi kimoja au viwili, mradi unajua nani alipandishwa na nani. Unyoya dhaifu ukishaingia kwenye ukoo, utahangaika nao miaka mingi. Tena bata bukini hakomai haraka kama kuku. Dume zuri la mbegu hutumiwa kuanzia mwaka wa pili, kwa hiyo ukichagua vibaya leo, hasara utaiona baadaye sana.

ZAITUNI: Tuanze na aina ya bata bukini iitwayo Sebastopol, maana ndiye anayeulizwa zaidi.

OPIO: Asili yake ni kusini-mashariki mwa Ulaya, pande za mto Danube na Bahari Nyeusi, na alioneshwa London mwaka 1860. Uti wa manyoya yake ni laini, hujisokota, na manyoya ya mgongoni mengine huburuza chini. Ndiyo maana haruki, na ndiyo maana mvua humlowesha hadi kwenye ngozi. Wapo wa namna mbili: mwenye kifua laini, na mwenye mawimbi hadi kifuani. Mfugaji akipandisha mawimbi kwa mawimbi kila kizazi, uti unazidi kulegea, manyoya yanakatika, na bawa linabaki na vijiti vitupu. Ukiona dalili hiyo, ingiza dume la kifua laini lenye mgongo mrefu.

ZAITUNI: Na akichanganywa na bata bukini wa kawaida?

OPIO: Watoto wanatoka katikati, manyoya yamejikunja kidogo tu. Wafaa shambani, lakini usiwauze kwa jina la Sebastopol.

ZAITUNI: Basi mtu akiwa na vifaranga 20, anachagua vipi?

OPIO: Kwa mkono, si kwa macho peke yake. Mkague asubuhi akiwa mkavu. Fungua bawa, pitisha vidole kwenye uti kutoka shina hadi ncha. Ukikuta mstari mwembamba uliokata unyoya kwa upana, hiyo ni siku aliyokosa chakula au aliyougua wakati unyoya unaota. Mstari huo haurithiwi, kwa hiyo usimtupe kwa sababu hiyo. Kisha tazama chini ya mabawa na kuzunguka kinyeo, chawa hukaa huko. Chawa wakiwapo, watibu kwanza, ndipo uhukumu manyoya.

ZAITUNI: Umri gani sasa? Maana hapa watu wanakosea sana. Kifaranga wa wiki 9 anaonekana amekamilika.

OPIO: Hajakamilika. Yale ni manyoya ya kwanza. Subiri wiki 16 ndipo uchuje mara ya kwanza: miguu, mdomo, bawa, umbo. Uamuzi wa manyoya na rangi uache hadi apukutishe na kuota ya utu uzima, mwaka wa pili. Kwa weupe ni muhimu mno, kwa sababu Sebastopol mweupe akiwa mdogo, hasa jike, mara nyingi ana manyoya ya kijivu mgongoni. Akipukutisha yanatoka meupe. Nasikitika kila ninaposikia jike zuri limechinjwa kwa madoa ambayo yangeondoka yenyewe.

ZAITUNI: Na udongo wetu mwekundu? Bata mweupe wa Mukono anaweza kuonekana wa rangi ya matofali.

OPIO: Ndiyo, huo huganda. Inua unyoya utazame shina lake, sehemu inayofunikwa. Shina likiwa jeupe, ni uchafu, si rangi ya ukoo. Mpe maji ya kuoga yenye kina cha angalau sentimita 30, na mwaga kokoto kuzunguka beseni ili asitoke majini akakanyaga tope.

ZAITUNI: Haya, sasa rangi yenyewe. Kaka, tueleze pole pole hii ya hudhurungi hafifu, maana ndiyo inawachanganya watu.

OPIO: Kwa ndege, jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti, dume ana mbili zinazofanana. Jeni ya hudhurungi imekaa kwenye ile kromosomu ambayo jike anayo moja tu, na anaipata kwa baba. Kwa hiyo ukitaka kujua binti atakuwa na rangi gani hapa, mtazame baba. Dume la hudhurungi kwa jike la kijivu: majike yote hudhurungi, madume yote kijivu lakini yanabeba hudhurungi kwa siri. Siku ile ile ya kuanguliwa unawatenganisha, kwa sababu manyoya ya awali ya jike ni mepesi rangi na ya dume ni meusi zaidi.

ZAITUNI: Na ukigeuza?

OPIO: Dume la kijivu safi kwa jike la hudhurungi: wote kijivu. Akitokea binti wa hudhurungi hapo, baba si safi, anabeba. Lile dume la kijivu linalobeba, ukilipandisha kwa jike la hudhurungi wa ukoo mwingine, wastani wa nusu ya watoto ni hudhurungi, wa kiume na wa kike.

ZAITUNI: Weupe kwa weupe je? Si watatoka weupe tu?

OPIO: Si lazima. Weupe wa bata bukini wa Kichina na weupe wa aina za Ulaya, kama Embden, si jeni ile ile. Ukiwachanganya unaweza kupata watoto wenye kijivu, ukadhani umeibiwa na jirani. Usichanganye koo hizo.

ZAITUNI: Turudi kwenye unyoya, maana damu nzuri pekee haitoshi. Chakula cha vifaranga wa kuku kinatosha?

OPIO: Kina tatizo. Kifaranga wa bata bukini anahitaji niasini, yaani vitamini B3, zaidi, la sivyo miguu inapinda. Ongeza hamira ya bia iliyokaushwa, gramu 50 kwa kila kilo ya chakula. Protini asilimia 20 hadi 22 kwa wiki tatu za kwanza, kisha shusha hadi 15 au 16 na umpeleke kwenye majani mafupi. Ukiendelea na protini nyingi, manyoya ya bawa hujaa damu na kuwa mazito kuliko kiungo kinavyoweza kubeba, bawa linapinda kuelekea nje.

ZAITUNI: Likianza kupinda?

OPIO: Likunje katika hali yake ya kawaida, lifunge kwa bendeji laini siku tatu hadi tano, upunguze chakula cha gunia, uongeze majani. Ukichelewa, halirudi. Likitokea kwa ndugu kadhaa wanaolishwa vizuri, wazazi hao usiwarudie.

ZAITUNI: Mukene, yaani dagaa wa ziwani, wengi huanikwa juu ya mchanga. Na mahindi?

OPIO: Mukene upepete kwanza. Mahindi yenye ukungu usiwape hata kidogo, bata huathirika haraka na sumu ya aflatoksini. Maganda ya kahawa kwa matandiko ni mazuri yakiwa makavu kabisa. Yakilowa na kuota ukungu, vifaranga hushikwa mapafu. Wakati wa mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, Sebastopol alale chini ya bati, na matandiko yakiguswa yawe makavu.

ZAITUNI: Mayai kwa haraka.

OPIO: Dume moja kwa majike mawili au matatu. Kabla ya kutaga, punguza kwa mkasi manyoya yanayofunika kinyeo cha dume na jike, la sivyo mayai mengi yatatoka matupu. Hifadhi mayai siku 7 tu. Mashine ya kuangulia iwe nyuzi 37.5, na kuanzia siku ya 8 yapooze dakika 10 hadi 15 kila siku na kuyanyunyizia maji ya vuguvugu. Yanaanguliwa siku ya 28 hadi 31. Kila kifaranga avae pete yenye namba mguuni siku hiyo hiyo, na namba ya baba na mama iandikwe daftarini.

ZAITUNI: Na mfugaji akileta dume jipya kutoka nje ya nchi?

OPIO: Kibali cha Wizara ya Kilimo, Entebbe, kwanza. Januari 2017 mafua ya ndege yalithibitishwa kwa ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria na kwa bata na kuku wa Masaka, kwa hiyo si jambo la kufikirika tu. Mgeni akae peke yake siku 30, vyombo vyake visichanganywe na vya wengine, na awe wa mwisho kuhudumiwa kila siku.