Breki za Kinga: RNA Isiyotengeneza Protini na Ugonjwa wa ITP

Mabibi na mabwana, mwaka 1950, mjini St. Louis, Marekani, daktari kijana William Harrington alijitia mshipani damu ya mgonjwa wa ITP, ugonjwa wa kupungukiwa na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Saa chache baadaye chembe sahani zake zilikuwa karibu kwisha, na zilichukua siku kadhaa kurudi. Nauheshimu sana ujasiri ule, ingawa nisingependa mwanafunzi wangu auige. Ulituonyesha kwamba katika damu ya mgonjwa mna kitu kinachoangamiza chembe sahani. Leo tunajua kwamba mara nyingi ni kingamwili, yaani protini ambazo kinga hutumia kushambulia adui: hunata juu ya chembe sahani, na chembe iliyonatiwa ikifika kwenye wengu humezwa.

Mtu mzima mwenye afya ana chembe sahani 150,000 hadi 450,000 kwa kila mikrolita ya damu. Kwa ITP tunazungumzia chini ya 100,000. Zikipungua sana, ngozi huota vidoadoa vyekundu, fizi hutoka damu, hedhi hukataa kukatika.

Lakini kwa nini kinga iushambulie mwili wake yenyewe? Hapa ndipo RNA, nakala inayotolewa kwenye DNA, inapoingia. Sehemu ya DNA yetu inayobeba maelekezo ya protini haifiki asilimia 2. Sehemu nyingine nyingi hunakiliwa kuwa RNA ambayo haizai protini yoyote, na kwa miaka mingi ilidharauliwa. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun, wakichunguza mnyoo mdogo kabisa, walieleza maikro-RNA: uzi wa herufi kama 22 hivi, unaojishikiza kwenye RNA mjumbe, ile inayobeba maelekezo ya protini, ili ujumbe usisomwe. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024.

Katika kinga, nyuzi hizi ni breki. Mojawapo, miR-146a, hupunguza makali ya uvimbe unaoletwa na kinga, na katika wagonjwa wa ITP imeonekana kuwa chini. Nyingine, miR-125a-5p, nayo hupungua, na mmoja wa wanaoibana ni RNA ndefu iitwayo MEG3. MEG3 ikizidi, seli T (aina ya chembe nyeupe za damu) za kutuliza kinga hupungua na zile za Th17, zinazochochea uvimbe, hupata nguvu.

Kwetu jambo hili si la maabara za mbali. Mtoto akiletwa na chembe sahani chache, tunatafuta kwanza malaria, dengi, VVU, dawa alizokunywa. ITP hubaki mwishoni, vingine vyote vikishaondolewa, kwa sababu hakuna kipimo kimoja kinachoithibitisha. Mama yake huzunguka wiki nzima na karatasi mkononi, na hilo linaniuma.

Je, maikro-RNA zitakuwa kipimo hicho? Natamani, lakini bado. Kupungua kwa miR-146a kunaweza kuwa chanzo cha ugonjwa au matokeo yake. Tena prednisolone yenyewe, dawa ya kutuliza kinga tunayowapa wagonjwa hawa, hubadilisha viwango hivi. Kwa hiyo ninyi mtakaofanya utafiti huu, chukueni damu kabla mgonjwa hajameza kidonge cha kwanza.