Kodi ileile ya programu kila ukurasa, tuiweke wapi?

J: Karibuni tena jamani, leo tunaingia moja kwa moja maana hili jambo limenisumbua wiki nzima. Kukopi na kupesti kodi ileile kwenye kila ukurasa.

Z: Ehe, ilikuwaje kaka?

J: Nina mradi wa Django, ile fremu ya Python ya kutengeneza tovuti, juu ya kila ukurasa kuna menyu ya kategoria, jina la mtumiaji na kile kinamba chekundu cha meseji ambazo hujasoma. Sasa kila funksheni ya ukurasa naandika mistari mitatu ileile, vuta kategoria, hesabu meseji, tia kwenye kamusi, ile dict ya Python ya majina na thamani zake, halafu ndo napeleka kwa templeti, yaani faili la HTML la ukurasa. Kurasa 14! Nikaongeza ya 15 nikasahau mstari wa meseji, na unajua Django haipigi kelele, kitu kisipokuwepo templeti inaacha patupu tu, basi sikujua mpaka mtu akaniuliza mbona meseji zake hazionekani.

Z: Pole. Iliyokuwa inakufaa ni context processor. Jina ndo linatisha ila ni funksheni moja tu, inapokea request, yaani ombi la mtu anayefungua ukurasa, inarudisha kamusi. Unaiandika mara moja, unaitaja kwenye settings.py ndani ya TEMPLATES, pale kwenye orodha ya context_processors, basi, kila templeti inayopitia render, ile funksheni ya kutengeneza ukurasa, inaipata. Halafu umeshaitumia siku zote, ule user unaouandika kwenye templeti bila kuupeleka, ulidhani unatoka wapi?

J: Nilidhani ni wa templeti yenyewe!

Z: Hapana, kuna processor ya auth, yaani ya mambo ya kulogin, ile amri ya startproject ya kuanzisha mradi inakuwekea.

J: Basi nilivyoijua nikafuta mistari zaidi ya 40, raha tupu. Lakini nikaita data yangu messages, na zile taarifa za "umefanikiwa kuhifadhi" zikapotea kabisa.

Z: Eee, kwa sababu Django nayo ina processor yake inayoleta messages, zikigongana majina iliyo chini kwenye orodha inaifunika ya juu. Mi huwa naweka jina refu, meseji_mpya_idadi, liwe baya kuangalia lakini halimgongi mtu.

J: Na ukurasa wa kulogin ukakataa kufunguka.

Z: Umefilta meseji kwa request.user wakati mtu hajalogin bado. Angalia is_authenticated kwanza, hajaingia rudisha kamusi bila meseji. Na kingine, hiyo funksheni inakimbia kila templeti ikirenda, hata ukurasa usiokuwa na kile kinamba. Kategoria hazina shida, queryset, yaani lile ombi la data, haiendi databesi mpaka templeti ianze kuizungusha kwenye for, ila count() ya kuhesabu meseji ukiiita mle ndani inaenda palepale.

J: Sasa nafanyaje?

Z: Peleka count bila mabano, templeti itaiita yenyewe ikifika pale. Ila ukiitaja mara mbili, kwenye if halafu kwenye kuonyesha, inaenda databesi mara mbili, kwa hiyo ishike kwanza kwa with, tagi ya templeti inayolipa jibu jina ulitumie tena.

J: Na wale wa Express, ile fremu ya Node.js, maana tunao wasikilizaji wengi kule?

Z: Hapo naomba watu wanisikilize vizuri kabisa. Kuna app.locals na kuna res.locals. app.locals inaishi muda wote programu iko hewani na ni ya maombi yote, hapo weka jina la saiti, mwaka, vitu vya hivyo. Ukimweka mtumiaji mle, dada mmoja analogin halafu kaka mwingine anafungua ukurasa anaona jina la yule dada. Hiyo siyo kosa dogo jamani, hizo ni siri za watu! Mtumiaji anakaa kwenye res.locals, inayoisha na ombi lake, unaijaza mara moja ndani ya midowea, ile funksheni ombi linayoipitia kabla ya kufika kwenye ukurasa.

J: Laravel je, ile fremu ya PHP?

Z: Kule wana view composer, unaifunga kwenye kipande kimoja tu, tuseme kile cha menyu, inakimbia kipande hicho kikirenda, kwingine haigusi. Naipenda sana hiyo.

J: Django hakuna kitu kama hicho?

Z: Kipo, inclusion_tag, tagi unayoiandika mwenyewe halafu unaiita ndani ya templeti. Kategoria ziache kwenye processor, kinamba kihamishie huko kiwe na kijitempleti chake.

J: Nakifanya leo leo.

Z: Na uandike takes_context=True, bila hiyo tagi haimpati mtumiaji.