Metali ya Kompoziti Inapofinywa, Kisha Kuyeyushwa Nusu

Mabibi na mabwana, kompoziti tutakayoizungumzia leo ni aloi ya alumini yenye takriban asilimia 7 ya silikoni, iliyotiwa chembe ngumu za kabaidi ya silikoni. Ikitoka kwenye kalibu, punje zake za alumini, yaani fuwele ndogondogo zinazoijenga metali, huwa na matawi, na chembe, zikisukumwa na metali inayoganda, hujikusanya katika sehemu zilizoganda mwisho. Aloi hii huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 555 za Selsiasi na humaliza karibu na nyuzi 615. Katikati ya hapo, ikiwa nusu kimiminika, ndipo tunapotaka kuipa umbo, ilimradi punje zake ziwe za mviringo, maana matawi hunasana na kuzuia mtiririko.

Umviringo huo hutayarishwa kabla ya tanuri. Metali inapofinywa ingali baridi, sehemu ya nishati iliyotumika hubaki ndani yake katika dosari za mpangilio wa atomi. Ikipashwa moto, dosari hizo huchochea kuzaliwa kwa punje mpya, na mingi ya mipaka baina ya punje hizo huwa na nishati kubwa kiasi kwamba kimiminika cha kwanza kikitokea hupenya humo na kuzitenganisha; kisha kila punje, katika kupunguza eneo la uso wake, hujiviringisha. Njia hii ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1983.

Na chembe je? Hapa, kwa maoni yangu, wengi hupita haraka mno. Chembe ngumu haifuati mwendo wa metali laini inayoizunguka, hivyo dosari hurundikana kandokando yake, na ikizidi takriban maikromita 1 huweza kuwa kitovu cha punje mpya. Zile ndogo zaidi, zikiwa nyingi na zimekaribiana, hufanya kinyume, kwa kuwa huishika mipaka isisogee. Metali ikishakuwa nusu kimiminika, chembe zilizo baina ya punje huzuia punje kuungana na kunenepa.

Ufinyaji wa kiasi hutawanya mafungu ya chembe. Ukizidi, huzipasua chembe zenyewe na kuacha matundu. Muda wa tanurini nao una hatari yake: alumini iliyoyeyuka humenyuka na kabaidi ya silikoni na kuunda kabaidi ya alumini, ambayo ni dhaifu na huharibiwa na maji, ingawa silikoni iliyomo katika aloi huuzuia mmenyuko huo kwa kiasi kikubwa.