Panya wa siku 28 na aota ya mzee wa miaka 65

(Mhadhara uliotolewa Mtwara mbele ya matabibu, wauguzi na wanafunzi wa uganga)

Ndugu zangu wa Mtwara, na nyinyi mliotoka Lindi, Masasi na Ndanda, asanteni kwa kuitika. Leo tuna swali moja ambalo wengi hulipita mbio wanaposoma utafiti wa mishipa ya damu: mnyama alichunguzwa siku ya ngapi?

Aneurizimu ni sehemu ya ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, iliyotuna kwa kuwa ukuta wake umelegea. Nyote mmeona tyubu ya baiskeli ikitoa nundu palipochakaa. Upepo ni ule ule, lakini nundu ikishapanuka, mpira wake huvutwa zaidi. Aota ndiyo ateri kuu ya mwili, na ile ya tumboni ya mtu mzima ina kipenyo cha karibu sentimita 2. Ikifika 3 tunaiita aneurizimu, na kwa wanaume upasuaji hufikiriwa ikifika 5.5. Safari hiyo kwa kawaida ni ya miaka mingi.

Sasa twende maabara. Mwaka 1990 Anidjar na wenzake, Ufaransa, walieleza jinsi walivyoingiza elastesi, kimeng'enya kinachokata elastini, nyuzi zinazoupa ukuta wa mshipa mnyumbuko, ndani ya aota ya panya. Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Mara baada ya elastesi kuingia, aota ilipanuka kidogo tu. Ilituna hasa siku chache baadaye, makrofeji na seli nyingine za kinga zilipovamia ukuta na kumwaga vimeng'enya vyao wenyewe. Elastesi ilifungua mlango. Kazi kubwa ya kubomoa ilifanywa na mwili wa panya.

Ugunduzi huo uliwapa watu matumaini. Doksisaiklini, dawa tuliyonayo kwenye kabati zetu, huzuia baadhi ya vimeng'enya hivyo, na kwa panya ilipunguza kutuna kwa aota. Basi ikajaribiwa kwa binadamu. Matokeo ya jaribio la Marekani lililohusisha wagonjwa zaidi ya 250 wenye aneurizimu ndogo yalitoka mwaka 2020: baada ya miaka 2 ya vidonge, aneurizimu zao zilikua sawasawa na za wale waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Kwa nini? Jibu langu ni muda. Panya wale walipewa dawa ukuta ukiwa ndiyo kwanza umejeruhiwa. Mzee wa miaka 65 anakuja na ukuta ambao elastini yake imeshakatika, seli za misuli laini zimekufa, na mara nyingi donge la damu limeganda ndani yake. Elastini huwekwa zaidi tukiwa tumboni mwa mama na utotoni. Mtu mzima hutengeneza kidogo mno. Ukimpa mzee huyo kinga ya elastini, unalinda kilichokwisha kwenda.

Tatizo hilo liko pia kwa panya wadogo wanaowekewa pampu ya anjiotensini, homoni inayopandisha shinikizo la damu, chini ya ngozi, njia iliyoenea tangu mwaka 2000. Kwa kawaida huchunguzwa siku ya 28. Tena aota yao huchanika juu ya figo, wakati kwa binadamu aneurizimu nyingi za tumboni hukaa chini ya ateri za figo. Nguruwe nao hupona upesi kupita kiasi: nundu iliyotengenezwa kwa upasuaji inaweza kuganda na kuziba yenyewe, halafu sifa ikapewa koili, waya mwembamba unaojazwa kwenye nundu ili kuiziba. Sungura wa elastesi ni shahidi bora, kwani nundu yake hubaki wazi kwa muda mrefu.

Ndiyo maana nafurahia kazi za karibuni zinazoongeza BAPN kwenye maji ya kunywa ya panya aliyepakwa elastesi. Kemikali hiyo huzuia lisili oksidesi, kimeng'enya kinachofunga pamoja nyuzi za elastini na kolajeni, kwa hiyo ukuta haupati nafasi ya kujikarabati. Panya hao wamefuatiliwa hadi siku 100, na aota iliendelea kukua, ikaweka donge, na nyingine zikapasuka. Dawa mpya ianzie hapo: ipewe panya ambaye aota yake imeshatuna, kisha asubiriwe.

Huku wodini, mwanamume mzee anayevuta sigara au aliyewahi kuvuta, akipimwa tumbo kwa ultrasaundi kwa sababu yoyote, naomba kipenyo cha aota yake kiandikwe kwenye faili pamoja na tarehe. Akirudi mwakani, kipimwe tena pale pale.

Karibuni maswali.