Nanga ikishang'olewa

Assalamu alaikum, hamjambo ndugu zangu, wale wa nyuma mwanisikia? Haya. Nimeambiwa niongee kuhusu haya maduka ya pamoja, yale ya wazi yenye paking katikati, mbona leo waenda wakuta duka hili, mwakani wakuta jingine. Mimi si profesa, mimi ni muuza viatu vya watoto, lakini nilipanga mahali kama hapo upande wa Nyali miaka sita, kwa hivyo karo ya hili somo nishalipa.

Tuanze mbali kidogo. Kule Seattle, Marekani, 1950 walifungua Northgate, maduka huku na huku na njia ya miguu katikati, juu hakuna paa, na Seattle kwa mvua nasikia si mchezo. Lililokuwa likivuta watu ni duka moja kubwa, Bon Marché. Miaka ya 70 wakaezeka. Miaka ikapita, wateja wakapungua, sehemu kubwa ikabomolewa, na 2021 pakafunguliwa viwanja vya barafu, timu ya hoki ya Kraken ndiyo yafanyia mazoezi pale. Barafu! Palipokuwa pauzwa mashati.

Sasa hilo duka kubwa Wazungu waliita nanga, na sisi watu wa Pwani nanga twaijua hatuhitaji kufunzwa. Mwenye jengo humtafuta nanga kwanza kabla hata hajachimba msingi, manake benki ikiona jina lile kwenye mkataba ndiyo yalegea kumpa mkopo, kwa hivyo nanga hubembelezwa, kodi yake kwa futi huwa chini sana, na pengo lile lazibwa na nani? Na sisi wa vijiduka. Kodi juu, pesa za askari na usafi juu, na kama waingia kwa kumrithi mtu basi na kilemba umpe, yaani pesa ya kukuachia duka. Na twalipa, tena kwa furaha, kwa sababu mama akija kununua unga na mafuta atapita mbele yangu na mtoto, na mtoto akishaona viatu vya taa hapo imekwisha.

Lakini nanga naye ni mfanyabiashara. Nakumatt nyote mwaikumbuka, ile ya ndovu, ilianzia kwa magodoro Nakuru ikafika matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ilikuwa yakopa wale wanaoiletea bidhaa huku yaendelea kufungua matawi, Januari 2018 korti ikaiweka chini ya msimamizi, na mwanzo wa 2020 wadai wakapiga kura ifungwe, matawi sita yaliyobaki yakachukuliwa na Naivas. Shoprite nao wakaja kutoka Afrika Kusini, wakafungua Westgate kule Nairobi Disemba 2018, wakafika mpaka City Mall hapa Nyali, 2020 washatangaza waondoka Kenya. Wenzetu Marekani mwaka huohuo wa 2018 walikuwa wamlilia Sears, duka lao kubwa la miaka mingi, lililofilisika.

Pale kwetu nanga alikuwa supamaketi, na jina la mtu silitaji, lakini mimi nilijua ameyumba kabla ya magazeti. Nilikwenda kutafuta mkate nikakuta shelfu nzima imepangwa tishu. Safu moja tu, mbele kabisa, ukisukuma kidole nyuma ni hewa. Nikamuuliza kijana wa pale, mwanangu, maziwa je? Akaangalia chini. Baada ya miezi michache wakafunga, na mimi jioni nikawa nauza jozi mbili, siku nyingine sifuri, naenda kwa mwenye jengo aniambia "vumilia mama, anakuja mwingine", na kodi haikushuka hata shilingi. Baadaye sana ndio nikasoma kwamba Marekani maduka yenye wakili mzuri huandikisha kabisa, nanga akitoka kodi yashuka mpaka apatikane mwingine. Mimi mkataba wangu niliusaini nimesimama, kalamu ya kuazima!

Mtu atanambia, mbona Marikiti, soko letu hapa Mombasa, iko pale tangu 1914? Kweli. Lakini Marikiti haina nanga. Muuza pilipili akihama, jirani yake ana pilipili, mteja hata hajui kama kuna mtu kahama. Nenda Biashara Street siku ya kuamkia Idi, wanawake wasukumana kwenye leso, nionyesheni pale ni duka gani likifunga mtaa mzima utalala. Hakuna. Ndio nikarudi mjini, kachumba kadogo, choo cha kushirikiana, na paking ndio hakuna kabisa, hilo silifichi.

Juzi nilipita kule. Kwenye supamaketi sasa ni jim, juu dakitari wa meno, na dirisha langu limekuwa la kahawa, kikombe shilingi mia tatu. Nikanunua kimoja nikakaa pale mlangoni, ile alama ya rafu zangu ukutani bado yaonekana chini ya rangi.